Pumzi Sita za Ledi Hilda

Kila Jumanne Nell Hebden alikuwa akitoka shule, anavua viatu vilivyolowa mlangoni kwa bibi yake, anakula maharage juu ya mkate wa kuchoma, kisha anavaa tena viatu vilevile na kuvuka barabara kuelekea kanisani. Hakwenda kusali. Nyuma ya kanisa la Skelbeck kulikuwa na chumba kirefu ambamo zamani watoto walifundishwa Biblia. Sasa kilikuwa cha Chama cha Reli Ndogo. Meza ziliunganishwa toka ukuta mmoja hadi mwingine, na juu yake kulikuwa na milima ya plasta, mahandaki, madaraja ya kadibodi na kondoo wadogo kama punje za mchele. Katikati ya hayo yote zilipita reli.

"Unakula kama unafukuzwa," bibi yake, Winifred, alimwambia Jumanne hiyo. "Treni zenyewe haziendi popote. Zinazunguka meza tu."

"Leo tunachagua sauti, Bibi. Ya Ledi Hilda."

Bibi Winifred akaweka kikombe chini. Alipokuwa msichana, Ledi Hilda wa kweli, injini nzito ya mvuke ya kuvuta makaa ya mawe, alipita nyuma ya nyumba hii mara mbili kwa siku, na mama yake alitoka mbio kuanua nguo nyeupe kabla hazijapakwa masizi.

"Basi chagueni kwa makini," alisema. "Jumamosi Enoch Sugden atakuja."

Hilo Nell alilijua, na ndilo lililokuwa likimfanya ameze bila kutafuna. Mzee Enoch alikaribia miaka themanini. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na sita aliajiriwa kuwa mchochea moto wa Ledi Hilda, na alimtupia makaa tumboni mpaka siku injini zote za namna yake zilipokatwakatwa na kuuzwa vyuma chakavu. Haikubaki hata moja. Wanachama walikuwa wametumia majira mawili ya baridi kumuunda Hilda upya, mrefu kama mkono wa mtoto, mweusi, kila ribiti mahali pake. Lakini kazi ilipokwisha, nuru ya macho ya Mzee Enoch nayo ilikuwa imekwisha. Hilda angeweza kupita mbele ya pua yake asimwone. Ndiyo maana chama kiliamua kumtia sauti kabla ya siku ya maonyesho, ili mzee amsikie.

Na kazi hiyo walimpa Nell. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna mtoto aliyewahi kupewa kazi kama hiyo. Majira yote ya baridi alikuwa amekaa kwenye kona akijifunza kuunganisha vipande vya waya kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, hadi Bwana Pickersgill, mwenyekiti wa chama, alipovikagua kwa miwani na kusema hata yeye hamshindi.

Jumanne hiyo Bwana Pickersgill alikuwa na mafua mabaya. Pua yake ilikuwa nyekundu kama taa ya kusimamisha treni. Alikaa mbele ya kompyuta ya chama, Nell kulia kwake, na kushoto Zubair Akhtar, aliyesoma darasa moja na Nell na aliyeamini kwamba kazi ile ilimstahili yeye.

"Sauti ya kwanza," alisema Bwana Pickersgill na kubonyeza.

CHWA, chwa, chwa, chwa. CHWA, chwa, chwa, chwa. Ilikuwa nzito, ya kifua, mpaka vijiko vikalia ndani ya vikombe.

"Hiyo hiyo," alisema Zubair. "Hiyo unaisikia mpaka tumboni."

Nell naye aliisikia tumboni. Alitaka kusema ndiyo pale pale.

"Nzuri, sikatai," alisema Bwana Pickersgill. "Nell, Hilda alikuwa na silinda ngapi?"

"Tatu."

"Na huyu tunayemsikiliza?"

Nell alitazama gurudumu la injini lililokuwa likizunguka kwenye kioo cha kompyuta, akahesabu kwa kidole. Kila mzunguko mmoja, pumzi nne. "Mbili," alisema polepole. "Silinda mbili hutoa pumzi nne. Tatu hutoa sita."

"Basi hii ni injini nyingine iliyovaa nguo za Hilda. Mzee Enoch atamtambua kabla hajavuka daraja la kwanza."

Wakasikiliza ya pili. Hii ilikuwa nyepesi, ya harakaharaka, chwachwachwa, chwachwachwa, kama mtu anayepanda kilima akiwa na habari asiyoweza kungoja kuisema.

"Hii ina pumu," alisema Zubair.

"Pumu unayo wewe," alisema Nell. Alifumba macho, akaomba iwekwe mara ya pili, kisha ya tatu. Mara ya tatu nywele za mikono yake zilisimama. "Ni hii."

Bwana Pickersgill alipenga kamasi akatabasamu ndani ya leso. "Ni hiyo. Alhamisi uje na mikono safi."

Alhamisi Nell alinawa mikono mara tatu. Alifungua kigari cha makaa kinachofuata nyuma ya Hilda, maana humo ndimo nafasi ilimokuwa. Chipu ya sauti ilikuwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Spika ilikuwa kama kifungo cha koti, imefungiwa ndani ya kisanduku chake bila tundu, kwani spika isiyo na kisanduku ni sawa na ngoma isiyo na mzinga. Nyaya zilikuwa nyembamba kama nywele za farasi. Nell aliziunganisha moja moja, ulimi ukiwa nje pembeni ya mdomo, na kila tone la risasi lilikaa likang'aa kama umande.

"Safi kabisa," alisema Bwana Pickersgill. "Sasa kila kiungo ukifunge kwa tepu ile ya njano, waya usiguse chuma cha kigari. Halafu?"

"Kwanza reli fupi."

Hayo yalikuwa maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya kipande cha reli kisichozidi urefu wa rula, kilichofungwa pembeni ya meza ya kazi. Umeme wake ulikuwa kidogo sana. Injini yenye kasoro ikiwekwa pale hukataa tu, wala haidhuriki. Reli kubwa umeme wake hauna huruma. Tangu chama kianze, hakuna injini iliyofunguliwa ikaenda reli kubwa kabla ya kupita reli fupi, hata ya mwenyekiti mwenyewe.

"Nakwenda kusaidia kupanga viti," alisema Bwana Pickersgill. "Ukimaliza, mjaribu kwenye reli fupi aseme chwa moja tu, kisha umfunike. Sitaki kumsikia zaidi ya hapo. Wa kwanza kumsikia awe Enoch."

Nell alifunga kiungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Tepu ilikuwa inanata vidoleni. Hapo Zubair akaingia na pakiti ya viazi vya kukaanga.

"Fundi mkuu, bado tu? Mimi injini yangu niliitia chipu kwa nusu saa."

"Ya kwako ni dizeli. Dizeli inanguruma tu kama friji."

"Lakini inanguruma. Hii yako naiona iko kimya kama maiti."

Nell aliona damu ikimpanda masikioni. Viungo viwili vya spika vilikuwa havijafungwa. Aliona vimetengana vya kutosha. Reli fupi ilikuwa na visanduku vya misumari juu yake, na kuviondoa kungechukua dakika nzima. Reli kubwa ilikuwa pale pale, tupu, inang'aa, inapita mlimani na handakini. Alirudisha kifuniko cha kigari, akambeba Hilda kwa mikono miwili, akamweka kwenye reli kubwa na kuzungusha kidude cha mwendo.

Chwachwachwa, chwachwachwa.

Chumba kizima kilibadilika. Zubair aliacha kutafuna. Hilda alipita daraja, akaanza kupanda mlima, na pumzi zake sita zikawa fupi, za nguvu, kama kiumbe hai. Nell alihisi moyo wake nao unapanda. Kisha kukasikika mlio mdogo, ti, na sauti ikakatika. Hilda aliendelea kupanda mlima, magurudumu yakizunguka vizuri, kimya. Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa puani.

"Shoti," alinong'ona Zubair.

Nell alimsimamisha Hilda, akamrudisha kwenye meza ya kazi na kufungua kigari. Waya wa spika ulikuwa umeegemea chuma. Mota ilikuwa nzima, lakini upande wa sauti wa chipu ulikuwa na doa jeusi, dogo kama mbegu ya haradali.

Nyayo zilisikika kwenye korido. Nell alirudisha kifuniko. Bwana Pickersgill aliingia akipenga kamasi, na kwa mafua yale hangeweza kunusa hata nyumba ikiungua.

"Umemjaribu kwenye reli fupi?"

Nell aliyaona yale maandishi ya reli fupi nyuma ya bega la mwenyekiti. "Ndiyo," alisema.

"Akasema chwa?"

"Akasema."

"Binti hodari," alisema Bwana Pickersgill, akamfunika Hilda kwa kitambaa cha kijani.

Ijumaa shuleni Nell hakula. Zubair alimkuta amekaa kwenye ngazi za nyuma na sandwichi yake nzima nzima.

"Mwambie Pickersgill," alisema.

"Nitamwambia nini? Nilishasema ndiyo. Ataninyang'anya kazi mbele ya wote, na chipu nyingine haiwezi kufika kabla ya Jumamosi."

Zubair alikwaruza ngazi kwa kiatu. Alijua nani alimchokoza. "Dada yangu ana spika ndogo, ile isiyo na waya," alisema mwishowe. "Ile sauti nimeinakili kwenye simu. Tukiificha spika ndani ya handaki, Hilda akianza kwenda, mimi nabonyeza. Atajuaje? Mzee mwenyewe haoni."

Maneno hayo yakakaa katikati yao. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Sawa," alisema Nell, na sauti yake ikatoka kama ya mtu mwingine.

Jumamosi jua lilitoka, jambo ambalo Skelbeck hulishukuru. Saa tatu na nusu asubuhi, nusu saa kabla ya milango kufunguliwa, chumba kilinukia chai na keki ya tangawizi. Spika ilikuwa handakini. Zubair alisimama kwenye kona, mkono mfukoni, uso umemparama. Bibi Winifred akaingia akimshika mkono mzee mfupi mwenye mabega mapana, fimbo nyeupe mkono wa pili, tai shingoni kana kwamba anakwenda harusini.

"Fundi yuko wapi?" aliuliza Mzee Enoch.

"Niko hapa, Mzee."

Alinyoosha mkono, na Nell akaupa wake. Ulikuwa mkono mkubwa, mgumu, wenye alama za zamani za moto. "Vidole vidogo," alisema mzee. "Vizuri. Nipeleke."

Nell alivipeleka vidole vya mzee juu ya Hilda. Mzee alimpapasa toka bomba la moshi, tumbo refu, mpaka kibanda cha dereva, na hapo vidole vikatulia.

"Nilisimama hapa. Usiku kucha sikulala, nimekuwa kama mtoto anayesubiri Krismasi. Unajua, binti, macho haya si mara yao ya kwanza kukosa kazi. Kule mlimani kulikuwa na ukungu mpaka huoni mkono wako. Dereva wangu, marehemu Isaac, alinifundisha. Alisema, 'Enoch, acha kukodoa. Sikiliza. Pumzi zikianza kuwa nzito, tupa makaa. Zikiwa nyepesi, pumzika. Injini haijui kudanganya.' Na kweli, miaka ile yote hakunidanganya hata siku moja."

Akacheka kidogo, akavuta kiti. "Haya. Muache aseme."

Nell aliweka mkono kwenye kidude cha mwendo. Kwenye kona, Zubair alitoa simu. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, sikio la kulia mbele, na uso wake ulikuwa wazi kabisa, kama mlango ambao mtu ameuacha bila kufuli kwa sababu anawaamini majirani.

Mkono wa Nell ukakataa.

"Mzee Enoch, usisikilize," alisema. "Sauti si yake. Iko kwenye spika, ndani ya handaki. Niliiunguza chipu Alhamisi. Sikufunga tepu yote, na sikumpitisha reli fupi." Akamgeukia Bwana Pickersgill, na hilo lilikuwa gumu kuliko la kwanza. "Ukaniuliza, nikakwambia ndiyo. Nilikudanganya."

Bwana Pickersgill alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Chipu ni kitu cha kuungua," alisema. "Mimi nimeunguza tatu. Lakini nilikuuliza, Nell, na neno lako lilinitosha. Sikufunua hata kitambaa."

"Najua."

"Wazo la spika ni langu," alisema Zubair kutoka kwenye kona. Alikuja mpaka mezani, akatoa injini yake ya bluu ndani ya sanduku, akaiweka mbele ya mwenyekiti. "Na mimi ndiye niliyemharakisha. Chipu yangu ni ya aina ileile. Tuifute sauti ya dizeli, tupakie ya Hilda."

"Utabaki bila sauti leo," alisema Nell.

"Si umesema ni friji tu?"

Mzee Enoch alikuwa bado ameinamisha kichwa. "Itachukua muda gani?"

"Kupakia, kiasi cha nusu saa," alisema Bwana Pickersgill. "Kuifunga, inategemea fundi." Akamtazama Nell kwa muda mrefu, kisha akasogeza kile kiti cha meza ya kazi. "Keti."

"Basi Winifred anipe chai," alisema Mzee Enoch. "Nimemngoja miaka sitini."

Milango ikafunguliwa. Watu wakaingia na watoto wao, wakajaa kuzunguka meza, na Nell akafanya kazi mbele yao wote. Mtoto mdogo mwenye kofia ya sufu alitia kidevu chake ukingoni mwa meza.

"Mbona hii haiendi?"

"Niliiharibu," alisema Nell bila kuinua macho. "Sasa naitengeneza."

"Kwa nini uliiharibu?"

"Nilikuwa na haraka."

"Mama yangu naye huwa na haraka," alisema mtoto, na watu wakacheka, Nell naye akacheka. Alifunga kiungo cha kwanza kwa tepu ya njano, cha pili, cha tatu, mpaka cha mwisho. Zubair alimshikia taa. Kisha akaondoa visanduku vya misumari, kimoja kimoja, na kumweka Hilda kwenye reli fupi.

Hilda alikataa.

Nell alifungua tena, akachungulia, akakuta uzi mmoja wa waya, mwembamba hata kivuli hauna, umechomoza kando ya tepu. Aliukata, akafunga upya, akamrudisha.

Chwa.

Mara moja tu, lakini Mzee Enoch kule kwenye chai aligeuza kichwa kama mtu aliyeitwa jina lake.

Walimleta mpaka kwenye kiti. Nell alizungusha kidude polepole, na Hilda akaondoka stesheni, chwachwachwa, chwachwachwa, akavuka daraja, akaanza mlima. Pumzi zikawa fupi na nzito. Mzee alifumba macho yale yasiyoona. Mabega yake yakaanza kwenda, kidogo tu, kulia na kushoto, mikono ikishika beleshi ambalo halikuwepo. Pumzi zilipokuwa nzito alitupa. Zilipokuwa nyepesi akapumzika. Hakukosea hata mara moja, wala Hilda hakumkosea.

"Yuko kileleni," alisema. "Punguza mvuke, binti. Isaac alikuwa anapunguza hapa."

Nell akapunguza, kisha akapiga honi.

"Honi ni nyembamba mno," alisema mzee baada ya kitambo, akifuta shavu kwa kiganja. "Ya Hilda ilikuwa nzito, kama ng'ombe aliyechelewa kukamuliwa. Lakini pumzi ni zake. Zote sita." Akamtafuta Nell kwa mkono. "Mzungushe tena."

Hilda alizunguka meza mara kumi na saba siku hiyo, na honi ikashushwa mpaka mzee akaridhika. Jioni, wageni walipokwisha kutoka, Nell alibaki kuosha vikombe na bibi yake.

"Bwana Pickersgill ataniruhusu tena kushika injini, Bibi?"

"Amekwambia uje Jumanne?"

"Amesema nije, lakini mwezi mzima atakuwa anafunua kitambaa."

"Na afunue," alisema Bibi Winifred. Alisuuza kikombe akakiinua mwangani kukikagua. "Sikiliza, mjukuu wangu. Ulipoiunguza ile chipu ulikuwa na kosa dogo, la kufunga kwa tepu. Ulipoficha, ukawa na kosa lisilofungika kwa tepu. Mungu alikupa nafasi ukalisema kabla halijazaa jingine. Kasoro yako ipitishe reli fupi mapema, mbele ya watu wachache, hapo haiumizi sana. Ukiifunika, itasubiri reli kubwa."

Nell alipokea kikombe, akakifuta, akakitundika. Kutoka chumba cha pili, ambamo Bwana Pickersgill alidhani yuko peke yake, ilisikika taratibu: chwachwachwa, chwachwachwa.